Jua lilipotua Manda: niliyojifunza nikirenda nyumba ya Amu

"Mwanangu, hili yua latoka Manda au latwa Manda?"

Aliyeuliza ni fundi wa mawe, mzee ambaye nusu ya kuta za mtaa wetu wa Mkomani zimepita mikononi mwake. Alikuwa ameishika picha yangu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeuziwa samaki asiyemwamini. Barazani tulikuwa sita: mwenye nyumba, mamake, mafundi wawili, mimi, na kijana wa punda aliyekuja kudai pesa za mchanga akaona hapana haraka ya kuondoka. Picha ilikuwa ya ukubwa wa A1. Ilipigwa chapa Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti ndani ya bomba la plastiki. Chini yake nilikuwa nimeandika kwa hati nzuri: Magharibi, Amu.

Kwa ambaye hajafika Amu, yaani Lamu, aibu yenyewe ni hii. Uso wa mji wetu unatazama mashariki. Ng'ambo ya mkondo ni kisiwa cha Manda, na jua hutoka huko. Jioni hutua nyuma ya mji, ikawa nyumba za pwani zote ziko kivulini tangu alasiri. Mimi nilikuwa nimechora jua la rangi ya chungwa likiipiga nyumba usoni kutoka baharini, wageni wamekaa darini na dele la kahawa, taa zimeshawashwa. Nilizaliwa hatua mia tatu kutoka hapo. Jua hilo nimeliona likitoka Manda maisha yangu yote, na siku ya kulichora nikalifanya litue huko huko.

Walicheka. Kijana wa punda ndiye aliyecheka zaidi, na hadi leo akinikuta njiani hunionyesha Manda kwa kidole.

Naandika kwa wenzangu wanaochora nyumba kwa kompyuta na kuzirenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe mwanga na kutoa picha kama ya kamera, hasa sisi wa mwambao tuliojifunzia kwenye video za watu wa mbali. Kazi hii ilinigharimu pesa, wiki tano, na kwa muda mfupi heshima.

Mwenye nyumba alirithi gofu la babu yake, akataka kulifufua liwe nyumba ya wageni. Ndugu zake wa Mombasa na Muscat ndio waliokuwa watoe sehemu ya pesa, na hawakuwa tayari kutoa kwa maneno matupu. Walitaka picha nne: uso wa pwani, dari, kichochoro cha kuingilia, na uwanja wa ndani. Tukapatana shilingi 40,000, akanipa 15,000 mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nimerenda majiko na vyumba vya kulala tu. Chumbani mwanga ni wako, unaweka taa unapotaka na hakuna wa kukuuliza. Nilidhani nje ni hivyo hivyo, ila taa ni moja na ni kubwa zaidi.

Umbo la nyumba nililijenga kwenye SketchUp, programu ya kuchorea majengo. Kama wengi tunavyofanya, nilianza na uso wa mbele kwa kuwa ndio niliokuwa na vipimo vyake, nikaulaza sambamba na mstari mwekundu ili unitazame. Katika programu ile mstari wa kijani ndio kaskazini. Kwa hivyo nyumba inayotazama mashariki niliigeuza itazame kusini bila hata kujua kwamba nimeamua jambo. Halafu kuna la pili. Faili usiloliambia liko wapi duniani halikai bila kwao. SketchUp hulihesabu kuwa liko Boulder, Colorado, Marekani, ambako programu yenyewe ilizaliwa. Si kosa lake, lazima ianzie mahali. Lakini Boulder iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la adhuhuri hukaa kusini mwaka mzima, na mwisho wa Disemba, hata likifika kileleni, halipandi zaidi ya nyuzi 27 hivi. Sisi tuko nyuzi 2 na robo kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya mwisho wa Disemba jua letu liko nyuzi kama 69, upande wa kusini. Mwisho wa Juni liko nyuzi 64, na limehamia kaskazini. Ukuta ule ule unaochomwa wakati wa kaskazi hupumzika wakati wa kusi.

Sasa yaweke pamoja: nyumba inatazama kusini, na jua halibanduki kusini. Saa yoyote niliyoisogeza, uso wa nyumba uliwaka. Nilidhani nimepata bahati. Nikaiteremsha saa hadi jioni, rangi ikageuka chungwa, nikafurahi kama mtoto wa siku ya Maulidi.

Kuchekwa kungepita. Kilichoniuma ni picha ya pili, ya darini. Humo kibanda cha ngazi kilitupa kivuli kizuri upande wa nyuma, ulio magharibi, saa kumi na nusu alasiri. Mwenye nyumba aliitazama hiyo picha kwenye simu wiki moja kabla sijaleta chapa, akamwambia fundi: upande wa magharibi una kivuli chake, hauna haja ya makuti, tuezeke mashariki. Boriti ishirini na mbili zikanunuliwa, kumi na nne zikawa zimeshakatwa kwa kipimo. Siku ile barazani, baada ya kicheko, mamake akaichukua picha ya dari, akaitazama kwa muda, akauliza, "Na hapa alasiri atakaa nani? Papa wa kukaushwa?"

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alikuwa amepiga hesabu ya zile boriti kimoyomoyo.

Nilikatwa shilingi 6,000 katika malipo yangu, na naona ni haki. Chapa nne za A1 ziligharimu 4,800 pamoja na kuzisafirisha, nazo zikawa za kufungia vitabu vya wanangu. Siku mbili nilipita vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu. Ya tatu nikaenda kumtafuta fundi mwenyewe, maana niliona aliyeniumbua kwa swali moja huenda ana mengine.

Nilimkuta anachanganya chokaa. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja unifundishe jua." Akasema jua halifundishwi, lakini kesho asubuhi nije darini na kijiti cha mita moja.

Ilikuwa tarehe 28 Septemba. Kijiti alikisimamisha kwa timazi, akakigeuza huku na huku mpaka uzi na ubao vikalingana, kwa uangalifu ule ule anaopimia ukuta. Saa 2 kamili asubuhi tukapima kivuli: sentimita 186, kimelala magharibi moja kwa moja, kuelekea ndani ya mji. Nikaandika. Saa 3 tukapima, saa 4 tukapima, na kila mara fundi aliweka alama ya chokaa kwenye sakafu. Saa 6 na dakika saba mchana kivuli kilikuwa kimeingia chini ya kijiti na kwisha. Hakikuwa kifupi, hakikuwepo. Siku hizo za mwisho wa Septemba, na tena katikati ya Machi, jua hupita utosini mwa Amu. Nilikuwa nimeishi hapa miaka thelathini na mmoja bila kulijua hilo kwa tarehe.

Mbona saa 6 na dakika saba, na si saa 6 kamili? Saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya 45, na sisi tuko karibu na 41. Jua hutufikia utosini wastani wa dakika 16 baada ya saa kusema adhuhuri, na hizo dakika hupanda na kushuka ndani ya mwaka: katikati ya Februari hukaribia nusu saa, mwanzo wa Novemba huwa kama hakuna. Programu nzuri inayajua haya yote, mradi umeiambia ukweli kuhusu mahali na saa.

Mimi sikuiambia, hata mara ya pili. Muda wa kujaribu bure V-Ray, programu ya kurendea, ulikuwa umeniishia, na leseni sikuweza, kwa hiyo nikahamia Blender, ambayo ni bure kabisa. Ina nyongeza iitwayo Sun Position: unaitia latitudo, longitudo, tarehe na saa, nayo inalipeleka jua mahali pake. Nikatia 2.27 na 40.9, tarehe 28 Septemba, saa 8:00. (Ndiyo, 8. Programu haijui saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi yetu ni nane yake.) Nikajenga kijiti cha mita moja darini, nikarenda. Kivuli kilitoka sentimita 30.

Nilikaa na zile sentimita 30 usiku mzima. Nilidhani kipimo cha umbo kimeharibika, nikapima milango, nikapima ngazi, vyote sawa. Kumbe sikugusa kijisanduku cha kanda ya saa. Kilisema sifuri, yaani saa ya Greenwich, na saa 8:00 ya Greenwich ni saa tano mchana hapa kwetu. Nilipoandika 3, kivuli kikarefuka hadi 186. Kisha nikaona nimesahau alama ya kutoa: latitudo ya kusini huandikwa -2.27. Asubuhi kosa hilo halionekani kwa macho, lakini mchana wa Machi au Septemba laweza kukupeleka kivuli upande usio wake.

Tangu siku hiyo kila faili langu lina kijiti cha mita moja, nimekificha nyuma ya tangi la maji. Sijaona dawa iliyo rahisi kuliko hiyo. Kabla ya kugusa rangi, kabla ya kuweka mti hata mmoja, nenda kwenye kiwanja na kijiti na saa, pima kivuli kimoja, kisha ulazimishe kompyuta ikubaliane nawe. Kama kiwanja kiko mbali, mpigie simu mtu aliye pale akupimie cha nguzo ya lango.

Jua likawa mahali pake, na picha bado ikawa mbaya. Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anga niliyoitumia mwanzo ilikuwa picha ya duara ya HDRI, zile zinazopakuliwa bure, zikizunguka umbo lote na kulimwagia mwanga. Niliichagua kwa mawingu yake. Ilipigwa kwenye uwanda wa majani huko Ulaya. Ardhi niliyojenga chini ya nyumba yangu ilikuwa ndogo, mita arobaini tu kila upande, na zaidi ya hapo palikuwa wazi. Matokeo yake chini ya boriti za kibaraza, mahali penye chokaa cheupe, pakawa na ukijani hafifu kama wa maji ya kisima. Nilibadili rangi ya chokaa mara tatu. Ukijani ulikuwa wa majani ya Ulaya yakinimulikia dari kutoka chini. Nilipotandaza mchanga na bahari mita mia tano kila upande, ukaondoka, na chini ya kibaraza pakaja wekundu wa mchanga, ule ule ninaouona nikilala kibarazani mchana.

Anga hiyo hiyo ilikuwa na jua lake ndani, nami nikaongeza taa ya jua ya kwangu. Mnazi mmoja ukawa na vivuli viwili. Yaonekana jambo la wazi ukilisoma hapa, lakini vivuli vya makuti vimechanganyika kiasi kwamba niliyeona ni mwanangu wa miaka tisa, aliyeuliza mbona mnazi una pacha. Ukitumia picha ya anga yenye jua, ama uliache lenyewe litoe kivuli, ama uzungushe anga mpaka jua lake na lako yakae pamoja kisha ulizime lile la picha. Mimi mwisho niliachana nazo nikatumia anga ya kukokotoa, ile ya Nishita iliyoingia Blender toleo la 2.90 mwaka 2020. Haina mawingu, na mawingu yanaweza kuongezwa baadaye. Ilikuwa na vipimo vya hewa, vumbi na ozoni. Amu si jangwa, lakini mvuke wa bahari upo. Nilipandisha vumbi kidogo, anga iliyo juu ya mikoko ya Manda ikapauka kama inavyopauka kweli, na picha ikapata masafa.

Anga hiyo ina nguvu ya jua la kweli, na mara ya kwanza ukiiwasha picha yote huwa nyeupe kama shuka. Hapo nilifanya kosa nililoliona kwa karibu kila mwenzangu niliyemwonyesha: nilipunguza jua. Kisha vivuli vikawa vizito, nikaongeza anga. Kisha pakapooza, nikaongeza jua kidogo. Baada ya saa mbili nilikuwa na mchana usiojulikana kama ni wa mvua au wa kiangazi, na nyumba kama ya plastiki. Mchana wa jua kali huleta kama lux laki moja (lux ni kipimo cha mwanga). Kivulini chini ya anga wazi hubaki elfu kumi hadi ishirini. Uhusiano huo kati ya jua na kivuli ndio unaomwambia mtazamaji kwamba huu ni mchana. Ukiuvunja, hata asiyejua lolote husema "pana kitu." Kwa hiyo jua na anga viache vilivyo, punguza kwenye kamera. Wapiga picha wa filamu walikuwa na kanuni yao: jua kali, tundu la f/16, kasi iwe sawa na namba ya filamu, yaani filamu ya 100 kwa sehemu ya 1/100 ya sekunde. Kwa injini zenye kamera ya kweli, kama V-Ray, anzia hapo au kwenye f/8 na 1/400, ambayo ni mwanga ule ule. Kwenye Blender nilishusha ekspozha tu, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera inapokea, hadi weupe wa ukuta uliopigwa na jua ukaacha kuungua.

Kuungua huko pia kuna siri. Nilikuwa nafuata video ya zamani iliyosema niweke rangi za Blender kwenye "Standard", mojawapo ya njia zake za kugeuza mwanga kuwa rangi, ili ziwe safi. Kwa ukuta wa chokaa chini ya jua la asubuhi, hiyo huufanya ugeuke njano ya yai na kisha mweupe mtupu bila alama ya mkono wa fundi. Toleo la 4.0 la mwaka 2023 huja na njia nyingine, AgX, ambayo huukunja mwanga mkali taratibu kama jicho. Nikairudisha, na nusu ya matatizo niliyoyaita ya mwanga yakaisha bila mimi kugusa mwanga.

Nusu nyingine ilikuwa chokaa chenyewe. Niliambiwa ukuta ni mweupe, nikaandika mweupe: 255, 255, 255. Hakuna kitu duniani kinachorudisha mwanga wote. Chokaa kipya hurudisha kama sehemu 8 kwa 10, na katika kipimo cha rangi cha 0 hadi 255, ambacho hakipandi sawasawa na mwanga, hiyo ni kama 231. Chokaa kilichokaa miaka, chenye kuvu chini ya michirizi ya mvua, hurudisha kidogo zaidi ya nusu. Ukuta wa 255 huurusha mwanga huku na huku bila kuchoka. Picha hujaa chembechembe, kompyuta hukesha, na vivuli hufutika. Niliposhusha, renda iliyokuwa ikichukua saa saba ikashuka hadi tano. Kwa mtu anayelipia stima ya tokeni hilo si jambo dogo. Stima yenyewe ilikatika mara mbili katikati ya renda, na mara zote mbili sikuwa nimeweka ihifadhi vipande. Nilipoteza usiku mbili nzima. Sasa narenda ndogo kwanza, pikseli 800, dakika tano, na sirendi kubwa mpaka kijiti, mchanga na chokaa vimepita.

Kichochoro ndicho kilichonishinda kwa muda mrefu. Njia zetu ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kuingizwa kwenye daka la mtu. Jua hugusa sakafu mchana tu, kwa muda mfupi. Saa nyingine zote mwanga hufika chini kwa kudunda, kutoka ukuta wa juu kwenda wa mbele, kwenda wa chini, kwenda mchanga. Blender kwa kawaida huhesabu midundo minne ya mwanga uliotawanyika, na kwa uwanja wazi inatosha. Kichochoroni picha yangu ilikuwa giza la pango. Mwenye nyumba akasema weka mwanga. Nikaweka taa nne zisizoonekana, na kichochoro kikawa studio ya kupigia picha za pasipoti. Nikazitoa, nikapandisha midundo hadi kumi, nikaipa kamera ya kichochoroni ekspozha yake mbali na ya pwani. Macho ya mtu akiingia kichochoroni kutoka juani huchukua muda kuzoea. Kamera nayo ina haki hiyo. Vipande vya anga kule juu vikaungua kidogo, nikaviacha viungue. Ndivyo vilivyo.

Kisha ikabaki kuchagua saa. Hili fundi alinisaidia bila kujua. Nilitaka uso wa pwani uwe wa saa 2 asubuhi, jua likiupiga sawasawa, na nikapata picha safi, bapa, kama kitambulisho. Siku tuliyopima kijiti, mchana ulipokaribia, nilikuwa nimesimama chini ya ukuta nikamwona fundi ameegemeza shavu karibu na lipu anatazama juu. Nikatazama naye. Jua likiwa karibu utosini lilikuwa linateleza juu ya ukuta kwa ubavu, na kila pigo la mwiko, kila mahali kiganja kilipopita wakati chokaa bado kibichi, pakawa na kilima na bonde lake. Ukuta ulionekana kama kitambaa. Asubuhi hayo yote hayapo. Jua la usoni huyafuta.

Kwa hiyo nikarenda uso wa pwani saa 4 na nusu asubuhi. Jua limeshapanda kiasi cha kuuteleza ukuta, lakini bado liko mbele yake, na vivuli vya boriti zinazojitokeza vinaning'inia chini yao kama pindo la leso. Ukuta wangu wa kompyuta ulikuwa umenyooka kama kioo, kwa hiyo mteremko wa jua haukuwa na cha kushika. Ilinibidi niupe mawimbi ya milimita mbili tatu, mapana kama kiganja. Jambo dogo hilo lilibadili picha kuliko taa zote nilizowahi kuziweka. Ya dari nikairenda mara tatu, saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 na nusu alasiri, kwa mwezi wa Januari na tena wa Julai, picha ndogo sita kwenye karatasi moja. Hazikuwa za kupendeza. Mamake mwenye nyumba alizipitia kwa kidole moja moja, akaonyesha kona, akasema makuti yaanzie hapa. Boriti nane kati ya zile kumi na nne zilizokatwa zikafaa.

Nikipewa kazi hii upya, ningeanza na hiyo karatasi ya picha sita na kudai nilipwe kwa hiyo kwanza. Ningewaambia ndugu wa Muscat mapema kwamba machweo ya chungwa yaliyo kwenye picha za mahoteli hayataonekana kwenye uso wa nyumba yao, wasije wakajisikia wamepunjwa. Mmoja alijisikia hivyo. Aliandika kwamba picha ya kwanza ilikuwa na "mvuto zaidi", na nilipomweleza kuhusu Manda alinyamaza siku nne.

Kitu kimoja sijakiweza. Asubuhi, maji yakiwa yamejaa, jua hupiga mkondo na kurudi juu, na chini ya boriti za kibaraza huchezacheza mapande ya mwanga kama samaki wadogo. Kuyarenda kikweli kulinijazia picha madoa meupe. Nilighushi kwa taa dhaifu kutoka chini, iliyopitishwa kwenye picha ya mawimbi. Imetosha kwa asiyekaa akatazama.

Chapa ya pili nilifanya ya A3, moja tu, na sikuipeleka barazani. Nilimpelekea fundi kazini kwanza. Aliipangusa mikono kanzuni kabla ya kuishika, akaenda nayo hadi ukingo wa maji, akaiinua sambamba na nyumba yenyewe, akafumba jicho moja. Ilikuwa karibu saa 4 na nusu. Alilinganisha kivuli cha boriti na kivuli cha boriti. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

"Yua ni hili," akasema.

Kisha akaisogeza picha karibu na pua, kwenye lile dau nililoliweka mkondoni kwa ajili ya uzuri tu.

"Waandika ni mwezi wa tisa. Na hili tanga, mbona lajaa upepo wa kaskazi?"

Nikarudi nyumbani kugeuza tanga.